Mshale wa presha ya oili umeshuka: ni injini, ni waya, au ulichukua geji isiyo yake?

Taa nyekundu yenye picha ya kibirika kinachodondosha tone huwashwa na swichi ndogo iliyofungwa kwenye injini. Swichi hiyo haijui kuhesabu. Inajua mambo mawili tu, presha ipo au haipo, na kwa magari mengi mpaka wake uko kati ya baa 0.3 na 0.5 (baa ni kipimo cha presha). Injini inayokwenda mizunguko 3,000 kwa dakika kwa kawaida hutaka baa 3 hadi 4. Kwa hiyo presha inaweza kushuka kutoka baa 4 hadi baa 1 ukiwa barabarani, metali za krenki (vikombe vinavyobeba mhimili mkuu wa injini) zikaanza kusagana, na taa isiwake. Ndiyo maana watu hufunga geji, na wanafanya vizuri.

Shida ni kwamba geji iliyochaguliwa vibaya hutoa namba zinazoaminika sawasawa na namba za kweli. Nimeona injini nzima ikikaribia kufunguliwa kwa sababu ya sensa, yaani kifaa cha kwenye injini kinachoipelekea geji kipimo, isiyolingana nayo. Nimeona pia mtu akibadilisha geji mara mbili wakati iliyochoka ilikuwa pampu. Hapa chini nimepanga dalili kama zinavyomjia mwenye gari, na kwa kila moja nimesema pa kuanzia kutafuta na inamaanisha nini kama bado unachagua geji.

Kabla ya dalili yoyote

Mshale ukianguka hadi sifuri ghafla au taa ikiwaka ukiwa unaendesha, egesha mahali salama na uzime injini. Usikanyage mafuta uone kama mshale utapanda. Subiri dakika kadhaa oili ishuke kwenye sampu (bakuli la oili chini ya injini), vuta dipstiki, kijiti cha kupimia oili, ifute, ichovye tena na uisome. Oili ikiwa chini ya alama ya mwisho, umeshapata jibu. Ikiwa ipo ya kutosha, usiwashe tena kwa kubahatisha. Gari livutwe, kisha lipimwe kwa geji ya kupimia ambayo nitaieleza. Waya uliochomoka hutengenezwa kwa dakika tano, lakini injini iliyonoki haina njia ya mkato.

Unahitaji pia kujua namba za kawaida, maana bila hizo kila mshale utakutia hofu. Injini baridi, ikiwa ndiyo kwanza imewashwa, huweza kuonyesha baa 4 hadi 6 hata bila kukanyagwa mafuta, kwa kuwa oili bado ni nzito. Oili ya 10W-40 ikiwa kwenye joto la sentigredi 100 ni nyepesi takribani mara sita hadi saba kuliko ikiwa kwenye 40. Injini ikishapata moto na inanguruma taratibu, baa 1 hivi ni jambo la kawaida, na zipo injini nzima kabisa zinazosimama kwenye 0.7. Mafundi wengi hutumia kanuni ya angalau PSI 10 (PSI ni kipimo kingine cha presha) kwa kila mizunguko 1,000, yaani karibu baa 0.7. Ni kanuni ya kukadiria tu. Kitabu cha ukarabati cha injini yako kikitaja namba, fuata kitabu.

Mshale wa kiwandani umesimama katikati miaka yote

Hapa wengi hufarijika bila sababu. Baadhi ya magari yana geji yenye sura ya geji, lakini nyuma yake kuna swichi ileile ya taa. Presha ikivuka kiwango kidogo, mshale unaruka hadi katikati na kubaki hapo, iwe ni baa 1 au baa 5. Mazda MX-5 ni mfano unaojulikana: za mwanzo zilikuwa na geji ya kweli, kisha kuanzia matoleo ya 1995 hivi ikawekwa hii ya swichi.

Kuipima ni rahisi. Washa injini baridi, tazama mshale, kisha utazame tena injini ikiwa moto na inanguruma taratibu. Geji ya kweli lazima ionyeshe tofauti kubwa. Mshale usiposogea hata kidogo, hiyo ni taa yenye mshale, na kubadilisha sensa peke yake hakutakupa kipimo. Utahitaji geji kamili na sensa yake.

Geji mpya, namba za ajabu

Sehemu hii ndiyo inayowatesa wengi, na karibu kila mara chanzo ni kununua geji huku na sensa kule.

Sensa ya kawaida ya waya ni kifaa ambacho ukinzani wake wa umeme hubadilika presha inapobadilika. Geji husoma ukinzani huo na kuugeuza kuwa namba. Lakini hakuna mkataba mmoja wa dunia. Sensa za mtindo wa Ulaya, kama za chapa ya VDO, huanza na omu 10 (omu ni kipimo cha ukinzani) presha ikiwa sifuri na kupanda hadi karibu omu 180 presha ikiwa juu kabisa. Za mtindo wa Marekani huenda kinyume: omu 240 kwenye sifuri, omu 33 kwenye kilele. Hesi zinaweza kulingana, waya ukaingia vizuri, taa ya geji ikawaka, na bado vifaa hivyo viwili visielewane.

Kwa hiyo ukiona mshale uko juu kabisa swichi ya ufunguo ikiwa imewashwa na injini imezimwa, kisha injini ikiwaka mshale unashuka, na ukikanyaga mafuta unashuka zaidi, acha kutafuta kosa kwenye injini. Umefunga sensa ya mtindo mmoja kwenye geji ya mtindo wa pili. Hakuna waya wa kugeuza utakaotibu hilo. Badilisha kimojawapo.

Waya uliokatika nao una alama yake, na inategemea mtindo. Kwenye geji ya 10 hadi 180, waya ukichomoka kwenye sensa mshale hupanda juu kabisa, na waya ukigusa bodi ya gari mshale huanguka sifuri. Kwenye geji ya 240 hadi 33 ni kinyume: waya uliochomoka huleta sifuri, waya uliogusa bodi huleta kilele. Hivyo una kipimo cha haraka usichohitaji kununua. Washa swichi ya ufunguo bila kuwasha injini, chomoa waya kwenye sensa na utazame mshale, kisha gusisha ncha ya waya huo kwenye chuma safi cha injini kwa sekunde moja na utazame tena. Mshale ukitembea kutoka upande mmoja hadi wa pili, geji na waya ni vizima, na macho yako yahamie kwenye sensa. Usipotembea, angalia fyuzi, umeme wa geji na waya wenyewe. Tahadhari moja: kipimo hiki ni cha sensa za ukinzani tu. Sensa ya kielektroniki yenye waya tatu, ambayo hupewa volti 5 na kurudisha kati ya 0.5 na 4.5, usiifanyie hivyo. Pima kwa multimita, kifaa cha kupimia umeme.

Kuna sensa zenye vichwa viwili, kimoja kimeandikwa G na kingine WK. G ni ya geji na WK ni ya taa ya onyo. Ukivibadilishana waya, mshale hukaa sifuri injini ikiwa imezimwa, na mara tu injini inapowaka unaruka hadi juu na kuganda hapo. Watu huita hiyo presha iliyozidi. Badilishana nafasi za waya kwanza.

Halafu kuna kosa la nusu na maradufu, ambalo ni gumu zaidi kwa sababu mshale unatembea vizuri kabisa. Gari moja lililetwa kwangu mwenyewe akiwa ameshaambiwa injini inahitaji ovaholi. Injini ikiwa moto na inanguruma taratibu geji ilisoma 0.6, na kwenye mizunguko 3,000 ilisoma 1.8. Kilichonifanya niitilie shaka geji ni sauti ya injini: ilikuwa tulivu, bila mgongano wowote chini. Nikafuta grisi kwenye kopo la sensa, yaani mwili wake wa duara, kwa kitambaa, na pembeni pamechongwa baa 10. Sura ya geji iliishia baa 5. Zote mbili ni za omu 10 hadi 180, kwa hiyo zilielewana, lakini sensa ilipokuwa nusu ya safari yake kwa baa 5, geji ilionyesha 2.5. Nilifunga geji ya kupimia kwenye tundu lilelile. Ikasoma 1.2 na 3.6, mara mbili kamili. Injini ile haikufunguliwa.

Kwa anayechagua, basi, soma mambo mawili kwenye sensa kabla ya kuilipia: omu zake, na baa au PSI yake ya juu. Yote mawili yalingane na sura ya geji. Ukiweza, nunua geji na sensa vikiwa seti moja, na utunze karatasi yake ili sensa ikifa baada ya miaka ujue ya kuibadilisha.

Mshale unarukaruka

Tofautisha namna unavyoruka. Ukiruka gari linapopiga shimo, au unapowasha taa kubwa au feni, huo ni umeme: kiungo kilicholegea au ethi mbaya (njia ya umeme kurudi hasi ya betri kupitia chuma cha gari). Sensa ya waya mmoja hupata ethi kupitia hesi zake, na hapo ndipo tepu nyeupe ya mafundi bomba huleta matatizo. Mtu anazungusha tepu mara nne ili oili isivuje, na tayari ameitenga sensa na injini. Weka multimita kwenye omu, ncha moja kwenye mwili wa sensa na nyingine kwenye hasi ya betri. Unataka chini ya omu 1. Ikizidi, toa tepu yote, kwa sababu vipande vyake vinaweza hata kuingia kwenye njia za oili, na utumie gundi kidogo ya hesi, ukiacha hesi mbili za mwanzo zikiwa wazi.

Ukianguka kwenye kona au unapofunga breki kali, kisha ukarudi, usiguse waya. Oili imekimbilia upande mmoja wa sampu na pampu imevuta hewa. Pima kiwango cha oili siku hiyohiyo.

Mshale unaotetemeka haraka mfululizo, kama jani, kwa kawaida ni wa geji ya bomba isiyo na kizuizi kidogo cha mpigo kwenye mdomo wake.

Kuna mruko mwingine ambao si ugonjwa. Injini nyingi za kisasa zina pampu inayobadilisha kiasi inachosukuma ili kupunguza matumizi ya mafuta. Utaona presha imetulia kwenye baa 2, kisha ukikanyaga zaidi inapanda ghafla hadi karibu 4. Ikiwa inafanya hivyo kila mara kwenye mizunguko au mzigo uleule, pampu inafanya kazi yake.

Presha ni ndogo kweli

Umeshathibitisha kwa geji ya pili kwamba namba ni za kweli. Sasa usikimbilie pampu. Tazama presha iko chini wakati gani.

Ikiwa chini pale tu injini ikiwa moto na inanguruma taratibu, lakini ukikanyaga inapanda vizuri, tazama wepesi wa oili na nafasi za metali. Nusa dipstiki. Harufu ya petroli, hasa kama kiwango cha oili kimepanda badala ya kushuka, maana yake mafuta yanapenya kwenye oili na kuifanya kama maji. Angalia pia kama uliwekewa oili nyepesi kuliko inayotakiwa. Yote hayo yakiwa sawa, na injini imetembea sana, nafasi kati ya krenki na metali zimepanuka. Nafasi hizo ni ndogo mno, mara nyingi kati ya milimita 0.025 na 0.075, kwa hiyo uchakavu usioonekana kwa jicho unatosha kushusha mshale. Kuweka oili nzito zaidi kutaupandisha, nami sikatazi kwa injini iliyozeeka, ila ujue umepandisha namba na nafasi zile ziko palepale.

Ikiwa chini muda wote, taratibu na kasi pia, shuku valvu ya kupunguza presha iliyokwama ikiwa wazi kwa uchafu, au pampu yenyewe.

Ikiwa nzuri mwanzo, kisha inazidi kushuka unapokimbia kwa muda mrefu, shuku chujio la pampu ndani ya sampu. Mara nyingi linazibwa na tope la oili ambayo haikubadilishwa kwa wakati. Mara nyingine ni silikoni: fundi alipaka nyingi kwenye mdomo wa sampu, iliyobanwa ikatokeza ndani, ikakauka, ikakatika na kufyonzwa. Nimeifungua sampu nikakuta vipande vyeusi laini vimetanda juu ya wavu kama ngozi. Vikitolewa kwa kibano kimoja kimoja, wavu unaonekana tena na presha inarudi. Silikoni ikizidi uzi mwembamba, imezidi.

Na presha ikichelewa kupanda asubuhi tu, taa ikikaa sekunde kadhaa na injini ikigonga kidogo, chunguza filta ya oili kwanza. Ndani yake kuna kipande cha mpira kinachozuia oili isirudi sampu usiku. Kikiwa kigumu au filta ikiwa duni, pampu hulazimika kuijaza filta upya kila asubuhi.

Presha ni kubwa mno

Injini ikiwa baridi, iache hivyo. Ikiwa bado imepita baa 6 au 7 injini ikiwa moto, ama oili ni nzito kuliko inayotakiwa, ama valvu ya kupunguza presha imekwama ikiwa imefungwa. Hii ya pili inaweza kupasua filta, kwa hiyo isicheleweshwe.

Oili inavuja ulipofunga sensa

Hesi za 1/8 NPT na za 1/8 BSPT, aina mbili za hesi za bomba, zinafanana machoni. Ya kwanza ina hesi 27 kwa inchi na pembe ya digrii 60, ya pili ina 28 na digrii 55. Magari mengi ya Japani hutumia hii ya pili, ya Marekani ya kwanza, na ya Ulaya mara nyingi M10x1, hesi ya upana wa milimita 10. Ukiingiza isiyo yake itashika raundi mbili tatu kwa mkono, kisha inakuwa ngumu, na hapo mtu anachukua spana ndefu. Adapta zipo, tumia adapta. Tundu la alumini likipasuka, hasara yake haina uwiano na geji.

Fungia sensa kwenye sehemu yake ya pembe sita, kamwe usishike kopo. Kopo limebanwa tu kwenye kitako chake, ukilizungusha utafungua njia ya oili. Na ukitumia kiungo cha T ili kubakiza swichi ya taa, jambo ninalolisisitiza, usiliache kopo zito likining'inia hapo. Mtikisiko wa injini huikata shaba ya kiungo hicho taratibu hadi siku inapodondoka. Toa mpira wa presha hadi pembeni, funga T na sensa kwenye bodi kwa kishikizo, na uipe waya wake wa ethi.

Geji ya waya au ya bomba

Geji ya bomba huleta oili yenyewe hadi nyuma ya mshale, ndani ya mrija uliopinda unaojaribu kunyooka presha inapopanda. Ni ubunifu wa Mfaransa Eugène Bourdon, wa mwaka 1849. Haihitaji umeme na usahihi wake naupenda. Lakini sifungi bomba la oili moto kwenye dashibodi ya gari la kila siku. Bomba la nailoni likigusa ekzosi linayeyuka, oili inamwagika juu ya chuma chenye moto, na likipasukia ndani linamwagia miguu ya dereva. Kwa gari la familia chukua ya waya. Ya bomba inunue kama kifaa cha kazi: toa swichi ya taa, funga bomba lake kwenye tundu hilo, pasha injini, andika namba, kisha urudishe swichi. Ndiyo geji ya kupimia niliyokuwa nikiitaja, na ndiyo inayomaliza ubishi wote wa juu.

Kuhusu sura, baa 7, yaani PSI 100, ndiyo ninayoichagua kwa magari mengi. Ya baa 5 hugonga ukingo kila asubuhi. Ya baa 10 huminya eneo la chini, na tofauti ya 0.8 na 1.4, ambayo ndiyo unayoitafuta, inabaki unene wa mshale. Mshale unaozunguka digrii 270 husomeka vizuri zaidi kuliko wa 90. Upana wa milimita 52 huingia kwenye vishikizo vingi. Hakikisha ni ya volti 12 kama gari lako, au 24 kwa lori, na kama unaweza kupata yenye taa au mlio wa onyo unaojipangia mwenyewe, ipange kidogo chini ya presha yako ya kawaida injini ikiwa moto na inanguruma taratibu.

Ukimaliza kufunga, washa injini na umulike kila kiungo kwa tochi kabla hujasogeza gari. Endesha nusu saa, rudi, umulike tena. Kisha andika namba nne kwenye kibandiko ndani ya boneti: baridi na moto, ikinguruma taratibu na kwenye mizunguko 3,000, pamoja na aina ya oili, omu za sensa na baa zake.